Fundi Asiyeamini Seva

Ukuta uliotenganisha duka la fundi na duka la kinyozi ulikuwa wa mbao, na aliyeujenga aliishiwa na mbao, au na hamu, kabla hajafika darini. Juu pakabaki upenyo wa shubiri mbili. Kwa miaka saba upenyo huo ulimnyima fundi raha. Ulipitisha harufu ya poda, mngurumo wa mashine ya kunyolea, na sauti ya kinyozi akiwasomea wateja wake habari za gemu.

Si habari za uchaguzi wala za bei ya mafuta. Habari za gemu. Kampuni fulani imeahirisha mchezo wake hadi mwakani. Kampuni nyingine imetangaza toleo la nne la mchezo ambao toleo lake la tatu bado linaombewa radhi. Seva za mahali fulani, zile kompyuta za kampuni zinazobeba mchezo mtandaoni, zimeanguka na watu laki tatu wamefungiwa nje. Kinyozi alizisoma kutoka kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo la vitana, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa taifa zima, na waliokaa kwenye benchi lake, wanaume wenye ndevu zao na familia zao, walizijadili kwa uso mkavu. Walimbandika jina la Shirika la Habari. Mwenyewe alilipokea kama cheo.

Fundi hakukanyaga kwa kinyozi hata siku moja. Alijinyoa mwenyewe nyumbani, vibaya, na alama za wembe shingoni alizivaa bila haya.

"Habari ya gemu," alipenda kusema, akipaza sauti makusudi ivuke mbao, "ni habari ya kitu kisichokuwepo, inayowahusu watu wasio na kazi. Eti gari limepunguziwa kasi. Gari gani? Nileteeni tairi lake nilishike."

Upande wa pili walikuwa wakicheka. Wao walimwita Bisibisi, na walimzoea.

Alikuwa fundi wa pasi, feni, redio, simu na chochote chenye waya. Juu ya mlango wake aliandika kwa rangi nyeusi: HAKUNA KISICHOFUNGUKA. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake yote. Kila tatizo duniani linakaa ndani ya kitu, na kitu kina skrubu, na ukitoa skrubu utalikuta tatizo limekaa pale linakutazama. Maneno kama "mfumo" na "seva" kwake yalikuwa maneno ya wavivu. Alimdharau yule dada wa benki anayesema mfumo uko chini huku akitazama kucha zake. Uko chini wapi? Si auinamie auinue.

Na alikuwa na utaratibu wake ambao ulimfanya aogopwe mtaa mzima. Kila kifaa kilichoingia dukani kilifungwa lebo ya karatasi ngumu yenye mistari mitatu: Kifaa, Tatizo, Chanzo. Mstari wa tatu aliujaza baada ya kutengeneza, kwa wino mwekundu, kisha lebo ikatundikwa kwenye waya uliokatiza duka, mbele ya macho ya kila apitaye. Chanzo: mende. Chanzo: supu. Chanzo: mwenyewe aliifungua kwa kisu. Mteja akija kuchukua mali yake alisomewa kwanza, tena kwa sauti. Mama mkwe wake aliwahi kuleta pasi iliyoungua, akasema imeungua yenyewe. Akaandikiwa: Chanzo: mama mkwe. Ile lebo ilikaa kwenye waya wiki nzima, na wiki hiyo fundi alijipikia. Lakini hakuishusha. Alisema mstari wa tatu hauna shemeji wala mkwe, na kweli hakuwahi kuudanganya.

Mwisho kabisa wa waya huo, nyuma ya feni, palining'inia pedi ya kuchezea gemu, mali ya kinyozi. Aliileta miezi miwili nyuma, kijiti chake cha kushoto kinavuta upande bila kuguswa. Kazi ya dakika ishirini. Fundi aliipokea kwa vidole viwili kama mtu anayeokota soksi ya mwenzake, akaandika tatizo, na chini yake akaongeza: Mchezo tu. Isubiri. Kinyozi aliulizia wiki ya kwanza, akaulizia ya pili, kisha akanyamaza, kwa sababu ujirani nao una aibu yake.

Sasa kichekesho ni kwamba gemu liliingia kwa fundi kupitia mlango wa nyumba yake mwenyewe. Binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa, ambaye alimsaidia dukani na alibadilisha vioo vya simu kwa mkono mwepesi kuliko wa baba yake, alikuwa anaendesha magari ya mashindano mtandaoni. Chuo kimoja cha ufundi kilitangaza kwamba kinatafuta dereva mmoja wa timu yake ya gemu, na atakayepatikana atasoma kompyuta miaka mitatu bure. Walijitokeza mamia. Binti akavuka mchujo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wakabaki wanane. Fainali ni Jumamosi, saa nne asubuhi, mbio moja, nafasi moja.

"Chuo kinachochukua wanafunzi kwa kucheza," fundi alisema mezani, "mkuu wake bila shaka anavaa bukta."

Mkewe, ambaye ni muuguzi na hana muda wa maneno mengi, alimtazama tu. Intaneti ya nyumbani ilikuwa ya kusuasua, ya dukani ilikuwa nzuri. Kwa hiyo aliamua yeye: mtoto atachezea dukani. Jumamosi asubuhi, akiwa anavaa viatu vya kazini, alimwambia mumewe:

"Leo kazi yako ni moja. Kukaa. Usiguse kitu."

"Niguse nini mimi?"

"Hilo ndilo ninaloliogopa," alisema, akaondoka.

Saa mbili ilipogonga binti alikuwa ameshapanga mashine yake ya gemu kwenye meza ya nyuma, televisheni ndogo mbele yake. Mashine ikaomba masasisho, ikayapakua, ikamaliza saa mbili na dakika ishirini. Akaanza kupasha moto, mzunguko baada ya mzunguko. Fundi alikuwa na redio ya mtu mkononi, lakini jicho la pembeni lilikuwa kule. Gari la binti lilikata kona moja baada ya nyingine kwa usafi kama mkasi kwenye kitambaa. Moyoni alisisimka, na kwa kuwa hakutaka kukamatwa akisisimka, aliikaripia redio.

Saa tatu kasoro dakika kumi picha iliganda. Gari likasimama katikati ya kona. Skrini ikawa nyeusi, kisha yakatokea maandishi: Huduma haipatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye.

Haikupita dakika, sauti ikavuka mbao. "Zimeanguka jamani. Seva zote. Watu wanalalamika kila kona, hakuna anayeingia."

"Tangu lini?" aliuliza mmoja wa pale, mwalimu wa sekondari aliyekuja kunyolewa kila Jumamosi na kujadili kila Jumamosi.

"Sasa hivi hivi. Ramani ya ripoti imegeuka nyekundu tupu."

Fundi aliweka redio chini. Uso wake ulikuwa na lile tabasamu ambalo mkewe hakulipenda.

"Umeona mashine yako ilivyo na adabu?" alimwambia binti. "Inaumwa yenyewe, inasingizia huduma. Kama mtu aliyechelewa kazini."

"Baba, ni seva. Si sisi peke yetu. Mjomba kasema kila mtu yuko nje."

"Mjomba wako ni kinyozi. Nikitaka kujua habari za nywele nitamfuata."

"Waandaaji wenyewe wameandika kwenye kundi. Wanasubiri huduma irudi."

"Sawa. Jirani akikosa maji, ina maana bomba lako wewe haliwezi kuziba? Nakagua tu. Hiyo mashine ina joto, nimeisikia tangu asubuhi inavyopumua. Ikirudi hiyo seva yenu ikukute mashine yako imekufa, utamlilia nani?"

Binti alimtazama sana. Alikuwa amekulia kwenye lile duka, alijua sauti ya baba yake ikishaanza kuzunguka kitu chenye skrubu.

"Usiifungue," alisema.

"Nimesikia."

"Nakwenda kwa mjomba kusikiliza wanasemaje. Baba, usiifungue."

"Si nimesema nimesikia."

Na kweli alikuwa amesikia. Alimsikia binti akitoka, akasikia benchi la kinyozi likisogezwa ili apate nafasi, akamsikia Shirika la Habari akianza kusoma lalamiko la mtu wa nchi ya mbali ambaye alichukua likizo ili acheze. Fundi akatikisa kichwa kwa huruma isiyo ya kweli. Halafu akachukua bisibisi.

Hapa lazima tumpe haki yake, maana alikuwa fundi wa kweli. Alichukua kipande cha boksi, akachora umbo la mashine kwa penseli, na kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye boksi mahali pale pale ilipotoka kwenye mashine. Ndefu hapa, fupi hapa, ile yenye kichwa kipana hapa pembeni. Skrubu thelathini na moja. Alifanya kazi kwa utulivu kama mtu anayechambua mchele, na kwa nusu saa nzima alikuwa mwenye furaha kuliko wote katika mtaa ule.

Kisha akaanza kutafuta. Feni safi. Bodi safi. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichovimba, hakuna kutu. Alipata unywele mmoja na vumbi lisilojaza kijiko. Hakuna kinachomuudhi fundi kama kifaa kizima. Alikigeuza, akakimulika, akapima hapa akapima pale, na kadiri alivyokosa ndivyo alivyozidi kuamini kwamba tatizo limejificha. Halikumjia kabisa wazo kwamba yule kinyozi, katika miaka saba, ingewezekana siku moja awe amesoma jambo la kweli.

"Waandaaji wametoa taarifa," ilivuka sauti. "Mbio zimesogezwa hadi saa nne na nusu. Atakayekuwa hajaingia muda huo, amejitoa."

"Wamefanya la maana," alisema mwalimu.

Saa nne na robo palilipuka kelele upande wa pili, benchi likaanguka. Huduma imerudi. Simu zote zikaanza kulia kwa mkupuo, na katikati ya kelele fundi alisikia hatua za binti zikija mbio.

Alirudisha bodi mahali pake, akashika kibano, akaufuata ule utepe mwembamba, bapa, unaounganisha kitufe cha kuwashia na bodi. Utepe huo unataka subira. Kwanza unainua kifungo chake kidogo cha plastiki, ndipo unauingiza. Alikuwa amewaeleza watu jambo hilo mara mia, na waliolikosea aliwaandikia kwa wino mwekundu. Yeye aliusukuma tu. Ukakatika, bila hata sauti.

Binti alisimama mlangoni. Aliiona mashine yake wazi, matumbo nje, na boksi lenye skrubu zimesimama kwa mistari.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Baba."

"Ilikuwa inakufa hii," fundi alisema, na maneno yalimtoka kwa urahisi uliomshangaza mwenyewe. "Nilikwambia. Tazama, haiwaki. Ingekuzimikia katikati ya mbio. Bora nimewahi."

Binti akaja, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Alitazama saa ya ukutani, kisha akatoka, na fundi akamsikia akiongea upande wa pili, harakaharaka, kwa sauti ya chini.

"Ya kwangu ipo," kinyozi alisema. "Ni ya zamani, lakini huo mchezo inao, na kila sasisho ninalo. Mwalimu, ondoka hapo kwenye kiti, utamaliziwa baadaye."

"Pedi yangu mpya haitakubali kwenye mashine ya zamani, mjomba. Unayo ya kwake?"

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Kisha Shirika la Habari, kwa sauti ambayo hakuitumia kusomea habari, akasema: "Nilikuwa nayo moja. Ipo kwenu."

Fundi alijua kabla binti hajaingia. Alikuwa ameshasimama, ameshasogeza feni, ameishika ile pedi mkononi pamoja na lebo yake. Kwa nini kinyozi siku hizi hakusikika akicheza, akawa anasoma tu, anasoma tu? Kwa sababu hakuwa na cha kuchezea. Miezi miwili mtu amekaa anasoma habari za karamu asiyoweza kwenda, na aliyemfungia mlango alikuwa upande huu wa mbao anamcheka.

"Nipe dakika ishirini," alisema. "Nitaitengeneza."

"Hatuna ishirini. Kuna kuingia, kuna kupanga gari." Binti aliisoma lebo. Mchezo tu. Isubiri. Aliing'oa kamba yake, akaweka lebo juu ya meza, akaondoka na pedi.

Fundi alibaki amekaa. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa asubuhi, na sasa ndipo alipoipatia. Hakuweza kuona kitu, ila upenyo ulikuwa pale juu, na kwa mara ya kwanza aliinua uso akausikiliza kwa hiari yake.

"Wanane wamepangwa mstarini," alisema kinyozi. "Yeye wa tatu. Taa nyekundu. Wameondoka."

Kwa mizunguko mitano fundi alisikia vitu ambavyo angevilipia kicheko siku nyingine yoyote. Amempita wa pili. Amekata kona ya ndani. Amechukua uongozi. Mikono yake ilikuwa imekamata ukingo wa meza, na alijikuta anaegemea kulia, kisha kushoto, kama mtoto kwenye kiti cha mbele cha gari.

"Mbona anapepesuka?" aliuliza mwalimu.

"Ni kijiti," kinyozi alijibu. "Kinavuta kushoto. Yeye anakizuia kwa kidole gumba tangu mwanzo. Pale penye barabara nyoofu ndipo kinamsumbua zaidi."

"Sasa itakuwaje?"

"Amebakiza mzunguko mmoja. Akaze tu."

Fundi alifumba macho. Dakika ishirini. Alikuwa nazo jana, alikuwa nazo juzi, alikuwa nazo miezi miwili mizima, na akazitumia kutunga maneno.

"Kona ya mwisho," alisema kinyozi. "Ametoka vizuri. Ametoka vizu... inavuta. Inavuta. Ah."

Gari lilikuwa limegusa ukuta wa kushoto, likapoteza mwendo, na mmoja akapita kwa upana wa taa. Wa pili. Nafasi ilikuwa moja.

"Wa pili kwa pedi ile," mwalimu alisema baadaye, polepole, "ni kama wa kwanza." Lakini chuo hakikuandika hivyo kwenye tangazo, na kila mtu pale alijua.

Binti hakurudi mara moja. Fundi alimsikia akishukuru, akikataa soda, akikubali. Maisha ya upande wa pili yakaanza kujikusanya: kiti kikavutwa, mwalimu akarudi kumaliziwa kisogo, mashine ya kunyolea ikanguruma. Binti alipoingia macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. Alikaa kwenye stuli yake, akavuta mashine karibu, akachukua kioo cha kukuzia na taa ndogo, akachungulia. Hakuchukua hata dakika moja.

"Utepe wa kitufe," alisema.

"Ndiyo. Ulikuwa umeshachoka, kwa hiyo..."

"Baba. Saa mbili na dakika ishirini hii mashine ilimaliza kupakua masasisho. Saa tatu kasoro kumi ilinionyesha maandishi. Inayokufa haitoi maandishi, inakufa. Na utepe uliochoka haukatiki hivi, huu umesukumwa na kifungo kikiwa chini. Wewe ndiye uliyenifundisha kutofautisha."

Fundi aliushika ule utepe. Maneno yote ya kuwacheka watu yalikuwepo, yamejipanga kama kawaida yake, lakini hakukuwa na mtu wa kumpa.

Wakati huohuo upande wa pili Shirika la Habari alikohoa, kile kikohozi chake cha kutangulia taarifa nzito.

"Kampuni imetoa maelezo. Sikilizeni. 'Tunawaomba radhi wachezaji wetu. Uchunguzi umeonyesha kuwa huduma ilikatika baada ya fundi wetu kufanya marekebisho katika sehemu ambayo haikuwa na tatizo.'"

"Rudia hapo," alisema mwalimu.

Akarudia.

"Yaani kitu kinafanya kazi, mtu mzima anaamka asubuhi anakwenda kukifungua?"

"Alitaka aonekane ana kazi," alisema mwingine.

"Huyo si fundi. Huyo ni mharibifu mwenye sare."

Benchi zima likacheka, kicheko kirefu cha watu waliokuwa na huzuni na wamepata mahali pa kuitua. Walimchambua huyo mtu wasiyemjua kuanzia mikono hadi malezi. Fundi alilitambua kila neno. Ulikuwa mtindo wake. Walijifunza kwake, kupitia upenyo ule ule, miaka saba.

"Bisibisi," kinyozi aliita, kwa ukarimu kabisa, kama mtu anayemkaribisha jirani kwenye chakula. "Wewe ndiye mtaalamu. Mtu kama huyo kwenye lebo zako ungemwandikiaje?"

Wakatulia kumngoja. Binti naye alikuwa anangoja. Alikuwa ameshachukua lebo mpya kutoka kwenye boksi lake na kuiweka mbele ya baba yake, na juu ya lebo ameweka kalamu nyekundu.

Fundi aliishika kalamu. Akaandika mstari wa kwanza: mashine ya gemu. Wa pili: haikuwa na tatizo. Kwenye wa tatu mkono ulimgomea, mkono ambao haukuwahi kumgomea hata kwa mama mkwe. Kisha ukaandika. Akainua uso, na kwa sauti ile ile aliyozoea kuwarushia, akasoma ivuke mbao:

"Chanzo: fundi."

Upande wa pili walilipuka. Mtu alipiga makofi. "Huyu mzee hakosei," alisema mwalimu. "Maneno mawili tu, amemmaliza." Kinyozi alicheka mpaka ikabidi asimamishe mashine asije akamkata mteja. Wakaendelea kumcheka yule mtu wa mbali, na kumsifu wa karibu.

Fundi alimgeukia binti yake. Alidhani amelipa.

Binti hakuwa anacheka. Alikuwa anafuta meza kwa kitambaa, taratibu, akizunguka lile boksi lenye skrubu thelathini na moja.

"Hawajaelewa," alisema. "Wamedhani unamsema mwingine. Kawasomee kule."

"Sasa hivi?"

"Na pedi ya mjomba urudi nayo."

Fundi aliikunja lebo, akaikunjua tena, akasimama. Kutoka mlango wake hadi mlango wa kinyozi ni hatua sita, na kwa miaka saba hakuwahi kuzipiga. Alipotokeza pale kizingitini na karatasi mkononi, alama za wembe shingoni, wote waligeuka kwa furaha na mwalimu akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Karibu, jirani," kinyozi alisema. "Kumbe leo na wewe una habari."

"Ninayo," fundi alisema, akabaki amesimama.